Haya, Nakuacha

Mji wa Bandari
4 Juni

Wifi,

Nimefika, kama huku unaweza kukuita kufika. Shuka niliyopewa kwenye treni, enzi zangu za umetroni hospitalini, nisingekubali itandikwe hata kwenye kitanda cha maiti. Nilimwita mhudumu wa behewa nikamwonyesha doa. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Hilo limeshafuliwa, mama." Nikamwambia kama limefuliwa na bado lipo, basi mchafu ni aliyefua. Akaondoka akiburuta ndala. Wewe dobi ungetapika.

Behewani tulikuwa na bwana mmoja anayemweleza mkewe kila kinachopita dirishani. Ule mnara. Ile bahari. Wale ng'ombe. Utadhani yule mama kazaliwa jana! Na yeye anaitikia tu, "Ehee, kumbe!" mpaka nikatamani kumtingisha. Bahari yenyewe ilikuwa upande wetu njia nzima, rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na kila stesheni wanapanda watu wapya wa kuisifia.

Mji huu nao usikutie tamaa. Wana lango kuukuu la mawe wamelizungushia kamba, na mbele yake kibao kinachosema lina historia ndefu. Historia gani, hakisemi. Choo kiko nyuma ya lango, hukitafuti, harufu inakupeleka.

Sasa tuelewane. Nimeacha chumba changu cha mbele hapo kwako, na magoti yangu haya mabovu, kwa sababu ya neno moja alilolitoa mdogo wangu kwenye dirisha la treni mwaka jana. "Haya, nakuacha." Wewe, mkewe, ukasikia talaka. Mimi, dada yake, nilikuwa hapohapo pembeni nikasikia mtu anaaga. Kila anayetoka nyumbani kwa mtu anasema haya, nakuacha, na hakuna anayekwenda kulala akijiita mtalaka. Lakini wewe umelifua neno hilo mwaka mzima, umelianika, umelipiga pasi, na bado unaliona lina makunyanzi.

Basi nitamtafuta huko kwenye magofu anakosemekana anaongoza watalii. Nitamwuliza. Atasema, "Dada, niliaga tu." Nitarudi, na hutanisumbua tena na hicho kichwa chako kigumu. Niandikie kwa stesheni ya Mji wa Mnara, barua wanaziweka dirishani.

Wifi yako,
Metroni


Dukani
8 Juni

Wifi mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba dunia nzima ni chafu isipokuwa wewe. Ungeandika vingine ningepata wasiwasi.

Usinifundishe nilichosikia. Ulikuwa pembeni yangu, sawa, lakini ulikuwa unagombana na mchukuzi kuhusu sanduku. Mimi nilikuwa nimeshika shati lake jeupe, lile nililolitia wanga mwenyewe, alilolisahau kwenye benchi la kungojea. Nilimnyoshea dirishani. Hakulipokea. Akacheka, akasema, "Haya, nakuacha." Wifi, mtu anayeaga anapokea shati lake! Na anayeaga anaongeza kitu, tutaonana, kaeni vizuri, hata nisalimie majirani. Yeye aliishia hapo, treni ikaenda, nikarudi nyumbani na shati.

Tangu siku hiyo hajaandika hata mstari. Kama aliaga, ndiyo kuaga gani huko?

Sitaki umsute, na sitaki umbembeleze. Swali ni moja tu: ulimaanisha nini? Ulete jibu kama lilivyo, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si mgonjwa wako wa wodini. Nikiwa mke, nitakaa nikijua ni mke. Nikiwa nimeachwa, nitajua pia. Hapa katikati pamenichosha.

Ile pasi kubwa ilikufa juzi, nguo zimejaa mpaka mlangoni. Fundi saa wa jirani akaja akaifungua, akahangaika nayo mpaka ikapata moto. Ni mtu wa saa, lakini hana maringo ya kazi.

Fanya haraka na hilo jibu. Na usiniulize haraka ya nini.

Wifi yako,
Dobi


Mji wa Mnara
12 Juni

Wifi,

Haraka ya nini?

Mji huu unajisifia mnara wa kuongozea meli. Mnara hauwaki. Nilimwuliza mlinzi uliwaka mwisho lini, akasema yeye kazi yake ni mlango. Watu wanapanda ngazi zote zile kwenda kutazama taa iliyokufa, wanashuka wakihema, wanasema, "Umefaidi, eeh?" Nimefaidi nini? Nimebaki chini nikanywa chai, nayo ilikuwa ya vuguvugu.

Kutoka Bandari kuja huku treni inaiacha bahari, inapita mashambani kwenye mabomo ya watu wa kale. Ngome juu ya kilima, halafu kuta, halafu kuta tena. Abiria wote wakahamia upande mmoja kupiga picha, nikadhani behewa litapinduka. Ukuta ukianguka nyumbani kwako unaitwa uvivu. Huku unaitwa urithi.

Nimepata habari za mumeo. Mwenye nyumba ya wageni anamfahamu vizuri, anamwita Profesa. Profesa! Mtu aliyefukuzwa shule kwa kuchora masharubu kwenye picha ya mwalimu mkuu! Anasema hakuna mwongoza watalii anayemfikia, watu wanapanda treni kutoka mbali kuja kumsikiliza tu. Nikamwuliza wanasikiliza nini, akasema, "Mama, nenda ukasikie mwenyewe. Kuna hadithi moja utacheka ulie." Ninakwenda.

Halafu niambie, fundi saa na pasi wapi na wapi? Ni yule anayekodoa jicho moja kwa ajili ya lenzi? Mimi si mtoto, wifi. Duka lake liko mlango wa pili, na tangu nilipohamia hapo sijaona saa ya mtu yeyote ikitoka pale mapema. Pasi yako ndiyo imepona mara moja? Mfyuu!

Wifi yako,
Metroni


Dukani
17 Juni

Wifi,

Haya, umetaka mwenyewe.

Fundi saa amenitaka. Alikuja kuchukua koti lake, akalikunja vibaya mkononi, nikajua ana jambo. Akaniuliza, "Wewe una mume, au huna?" Nilibaki nimeshika hanga la koti lake, Metroni. Mtu mzima, nina duka langu, nafua nguo za mtaa mzima na sijawahi kubadilisha hata soksi ya mtu, lakini hilo dogo sikulijua. Nikamwambia nitamjibu. Anangoja. Hanisukumi, hapiti mlangoni kwangu akijikohoza kama wanaume wengine. Anangoja tu, na kungoja kwake kunanitesa kuliko kelele.

Najua utasemaje. Utasema kwa nini nisiende tu kwa watu wazima wa mtaa waamue. Nilikwenda. Mmoja akasema niliachwa siku ileile. Mwingine akasema bado ni mke mpaka mwanamume atamke vizuri. Wa tatu akataka kujua nilimuudhi nini. Nikawashukuru, nikaenda kufua mashuka yao, na kwa hasira nikayafua vizuri zaidi.

Sasa unajua haraka ni ya nini. Jibu likiwa "niliaga", nitamwambia fundi saa hapana, na nitakaa hapa mpaka mdogo wako akumbuke njia ya nyumbani. Jibu likiwa "nilimwacha", nina maisha mengine mbele. Tukana unavyotaka, lakini ulete jibu.

Wifi yako,
Dobi


Mji wa Magofu
21 Juni

Wifi,

Sijampata. Wanasema amekwenda ndani huko mashambani na kundi la wageni. Hali ya hewa ni nzuri. Chakula si kibaya.

Fundi saa usimjibu chochote kwa sasa.

Wifi yako,
Metroni


Dukani
25 Juni

Metroni,

Umempata.

Hali ya hewa ni nzuri? Wewe? Miaka yote hii hujawahi kusema jua limewaka bila kulilaumu. Chakula si kibaya? Harusini kwangu ulirudisha wali mara mbili! Ukiona kitu cha kukufanya usifie chakula cha watu, basi kitu hicho kimekuvunja.

Kama ana mke mwingine, sema. Kama ana watoto, sema wangapi na wanafanana na nani. Kama amekuambia maneno mabaya juu yangu, yaandike hivyohivyo. Wodini ulikuwa unasifika kwa kuwaambia watu ukweli mpaka ndugu zao wanazimia koridoni. Leo mimi ndiyo unaniletea hali ya hewa?

Huruma huiwezi, wifi. Haikukai. Ivue.

Dobi


Mji wa Magofu
30 Juni

Wifi,

Haya. Nilimpata siku ileile niliyofika. Nilikuandikia upuuzi kwa kuwa sikujua pa kuanzia. Hana mke mwingine. Bora angekuwa naye.

Magofu yako nje ya mji, unashuka stesheni ndogo katikati ya mashamba, unatembea. Ni nyumba ya mawe ya tajiri fulani wa zamani. Paa limekwisha, zimebaki kuta na dirisha moja linalotazama bahari. Nilikuta kundi la wageni, walimu wa shule, familia zenye kofia, na mbele yao mumeo, kavaa koti la suti kwenye jua lile, fimbo mkononi. Amenenepa. Sikujitokeza. Nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye mwavuli nikasikiliza.

Anasema kwenye dirisha hili alikaa bibi wa nyumba. Mumewe alikuwa ameshapanda meli, mke akamkimbilia na nguo nyeupe aliyoifua na kuitia wanga kwa mikono yake, akamnyoshea. Mume hakuipokea. Akacheka, akasema, "Haya, nakuacha." Hapo mdogo wangu anawatazama mmoja mmoja. Kisha anauliza, "Sasa mabibi na mabwana, alikuwa anaaga, au alikuwa anaacha?" Wifi, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega! Wengine wanapiga kelele anaaga, wengine anaacha, mume na mke wanasutana palepale, na yeye katikati anatabasamu. Mwisho anashusha sauti. "Hakuna ajuaye. Mama wa watu alikaa hapa akingoja mpaka macho yakapofuka. Na doa hili mnaloliona kwenye jiwe ni la machozi yake." Doa hilo ni mavi ya popo. Nimefanya kazi hospitali, kinyesi nakijua.

Ile nguo ndiyo iliyonimaliza. Mimi shati sikuliona siku ile, ni kweli nilikuwa nagombana na mchukuzi. Nilijiandaa kukutana na mtu aliyesahau. Kumbe anakumbuka mpaka wanga.

Wageni walipoondoka nikamshika mkono. Hakushtuka hata kidogo. "Dada! Umeisikia? Hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote." Nikamwuliza, siku ile ulimaanisha nini? Akacheka. Nikamwuliza tena. Akanijibu, na sipaki kitu hapa: "Dada, siku ile sikuwa nimeamua. Na sasa nikiamua, hadithi inakufa."

Nikamwambia kuna mtu nyumbani, ana maisha yake, na kuna watu wanaomheshimu wanataka kujua. Akasema, "Kwani si anangoja? Vizuri. Nikijua anangoja, nasimulia vizuri zaidi." Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimewaona watu wabaya, wifi. Nimewauguza walevi, wezi, wapiga wake. Wengi wao, ukiwashika pabaya, macho wanayaficha. Huyu alinitazama usoni akingoja nimsifie. Nimemdharau mpaka mate yalinikauka.

Kesho yake nilirudi. Kundi lingine, mama wa mwavuli yuleyule, alipenda akaja tena. Alipofika kwenye swali lake, nikapita mbele. Nikasema kwa sauti ya wodini, "Mimi ni dada wa huyo mwanamume. Mkewe hajapofuka, ana duka la dobi. Jibu." Watu wote wakamgeukia. Jasho likamtoka, nililiona. Akalitazama kundi, akanitazama mimi. Halafu akatanua mikono, akapaza sauti, "Nimemwacha!"

Wakapiga makofi. Wakapiga miluzi, Mungu awasamehe, mimi siwezi. Akainama kulia, akainama kushoto. Mama wa mwavuli akanishika bega akaniuliza kama kwa kuigiza wananilipa vizuri.

Sasa sijui nikuletee nini. Neno amelitoa, hadharani, na mashahidi tele. Lakini sijui alikuambia wewe au aliwaambia wao. Nimejifungia kwenye chumba hiki cha wageni naligeuzageuza. Nilimbeba mgongoni huyu mtoto, wifi. Naona aibu.

Metroni


Dukani
5 Julai

Metroni,

Barua yako niliisoma nimesimama na pasi mkononi, nikaunguza suruali ya karani wa posta. Amekasirika na ana haki.

Nililia. Si kwa ajili ya makofi. Nililia kwa sababu anajua. Mwaka mzima moyoni nilikuwa namtetea. Labda treni ilipiga kelele hakunisikia, labda alilitazama shati akadhani si lake, labda alikuwa na haya ya kuondoka. Kumbe alikuwa ananiangalia vizuri sana, anajiwekea akiba ya kusimulia. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vizuri hivyo halafu asinione.

Unauliza neno lile alimwambia nani. Sijali tena. Wewe fikiria tu tunavyosema. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamume anaacha, mwanamke anaachwa. Nimekaa mwaka mzima nikingoja kutendwa! Jana asubuhi nimefungua duka, nikasimama mbele ya nguo za watu, nikasema kwa sauti: nimemwacha. Sikuachwa. Nimemwacha mimi. Karani wa posta alikuwa mlangoni amefuata suruali yake, kwa hiyo saa hizi mtaa mzima unajua. Wale watu wazima watatu wamesema mwanamke haachi. Nimewaambia basi wakafuliwe kwingine.

Halafu nikaenda kwa fundi saa. Nikamwambia arudie ombi lake, lakini aseme sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho, asiniachie cha kukisia. Akatoa lenzi jichoni. Akasema anataka kunioa, akae na mimi, na akitoka atakuwa anarudi. Nikamwambia arudie kwa sauti. Akarudia, mikono inamtetemeka, yule asiyetetemeka akishika skrubu. Nimekubali.

Limebaki moja, nalo ni lako. Tangu siku ile ulishikilia kwamba aliaga. Nilidhani unamlinda ndugu yako, na nilikuchukia kidogo kwa hilo. Sasa nimesoma unavyomdharau, nikajiuliza, ulikuwa unamlinda kwa lipi? Hukuwa unamlinda. Uliogopa kwamba mimi nikiachwa, na wewe huna mtu.

Leo mimi si mke wa mdogo wako. Nimefika hapa chini pa kutia sahihi, mkono unataka kuandika wifi yako, na sijui kama ninaruhusiwa.

Dobi


Ndani ya treni, narudi
9 Julai

Wifi,

Ndiyo, nimeandika wifi. Soma tena kama macho yanakudanganya.

Treni ni ileile na shuka ni ileile. Mhudumu aliponiona alitaka kujificha chooni, nikamwambia asijisumbue, leo sina nguvu za doa. Bwana mwenye kumweleza mkewe dunia naye yumo, anarudi, na sasa anamweleza kila kitu kwa upande wa pili. Bahari bado ipo na bado wanaisifia. Mdogo wangu sikumuaga. Nilimpita stesheni akiwa na kundi jipya, akanipungia fimbo, nikaangalia pembeni.

Umenichambua vizuri, umeridhika? Ni kweli niliogopa. Nimezika mume, nimezika wazazi, na huyo niliyebakiwa naye ndiyo huyo umemsoma. Wewe unanijibu. Nikilalamikia chai, unaniambia nikaipike mwenyewe. Kwenye kile chumba cha mbele nikilala nasikia pasi yako ikigonga meza, nalala vizuri. Niliwaza ukiolewa kwingine utaniambia nihame, na ningehama, na ningesema chumba chenyewe kilikuwa na joto. Ndiyo hivyo. Sitaliandika tena.

Kuhusu fundi saa, mimi bado sijampenda. Mtu anayetetemeka kwa kusema sentensi moja atafanya nini siku ya msiba? Lakini alisema mpaka mwisho, na alirudia, kwa hiyo nitamvumilia. Akome tu kuacha vyuma vyake mezani.

Sasa niulizie jambo, maana nitashuka Bandari kupumzisha magoti na barua hii itanitangulia, na jibu nilikute mlangoni. Ana dada? Kama anaye, mwambie mapema asije akajisumbua kukuita wifi. Nafasi hiyo ina mtu, na mtu mwenyewe ana mdomo.

Wifi yako,
Metroni